Jinsi ya kuitundika peptidi nje ya bakteria: mwongozo kamili kutoka Mtwara, pamoja na sehemu nilizochemka

Wadau, watu watatu tofauti wameniuliza kitu kilekile ndani ya mwezi mmoja, wawili wako Mtwara hapahapa na mmoja Nachingwea, nikaona badala ya kujibu kila mtu voisi noti ya dakika kumi bora niandike mara moja. Swali lenyewe: unaichukuaje protini inayokaa juu ya ngozi ya bakteria, ukaipachika kipande cha protini kigeni, yaani peptidi, kikabaki kinaning'inia nje na bakteria akaendelea na maisha yake?

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Newala, na alivaa ndonya. Kwa wasioijua, ndonya ni ile duara walilokuwa wanavaa kina bibi zetu kwenye mdomo wa juu. Niliwahi kumuuliza bibi walikuwa wanaanzaje, akaniambia "mjukuu wangu, unatoboa nyama laini, unaanza na kijiti chembamba, kikizoeleka unaongeza, na jino huligusi". Kazi yote ya leo iko kwenye hayo maneno. Kuna sehemu ya protini ambayo ni nyama laini, ukipachika kitu haijali, na kuna sehemu ambayo ni jino, ukiigusa mdomo mzima umekufa. Mambo ya PCR (kunakili DNA kwa mashine) na kukata na kuunga DNA, ambayo watu ndo wanayaogopa, mimi nakwambia ni rahisi. Kazi iko kwenye kuchagua pa kutoboa, halafu mwishoni kuthibitisha kwamba kitu kweli kiko nje, maana unaweza ukajidanganya miezi sita.

Kwanza kibali

Najua mtaruka hapa lakini someni. Bakteria uliyembadilisha jeni anaangukia kwenye kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo hii sio kazi ya kufanyia jikoni kwenu Shangani au chumba cha nyuma cha duka la dawa. Unahitaji taasisi, maabara, na mtu anayejua unafanya nini. Ongea na chuo chako mapema, makaratasi yanachukua muda mrefu kuliko majaribio. Na chagua peptidi isiyo na madhara. Nitakayoitumia hapa ni kijitambulisho tu cha asidi amino 8, hakifanyi chochote zaidi ya kuonekana. Vipande vya sumu au vya vidudu vya magonjwa achana navyo.

Bakteria wetu ni E. coli wa maabara wa ukoo wa K-12, ambaye hasababishi ugonjwa kwa mtu mzima wa afya. Tena K-12 ana faida nyingine: hana ile manyoya marefu ya sukari ambayo E. coli wa porini wanayo juu ya ngozi. Peptidi yako fupi kwenye E. coli wa porini inaweza ikafunikwa kama mtu mfupi kwenye shamba la mtama, iko nje kweli ila hakuna anayeiona.

Kuchagua protini ya kubebea

E. coli ana tando mbili, wa ndani na wa nje, katikati kuna nafasi inaitwa periplazimu. Protini nyingi za utando wa nje zina umbo la pipa, mbao zake zimesimama zimezunguka, na juu kila mbao mbili zimeungwa na kitanzi kinachotokeza nje. Vile vitanzi vya juu ndo nyama laini. Mbao ni jino. Vikona vya chini, vinavyoangalia ndani, navyo viache.

Wabebaji wako wengi. Kuna LamB, pipa la mbao 18 ambalo kwa kawaida linapitisha sukari ya maltozi, na pale kwenye asidi amino ya 153 watu wamekuwa wakipachika vitu tangu miaka ya 1980. Mwaka 1996 watafiti walipachika histidini (asidi amino inayoshika metali) kwenye LamB na bakteria wao wakawa wanashika kadimiamu, metali yenye sumu, mara zaidi ya 11 kuliko wale wenye LamB tupu, matokeo ambayo mpaka leo yananifanya nipende hii fani. Kuna Lpp-OmpA ya 1992, ambayo ni kipande cha protini moja kimeunganishwa na kipande cha nyingine, nzuri ukitaka kubeba mzigo mkubwa kama enzaimu nzima. Kuna OmpX iliyogeuzwa miisho yake ikatazama nje. Na nje ya E. coli kuna Caulobacter, bakteria wa majini anayejivika koti la protini moja, RsaA, ambalo nalo linapokea wageni.

Ila kwa anayeanza mi nasema OmpA. Pipa dogo, mbao 8, vitanzi 4 vya juu, iko nyingi sana kwenye seli, kama nakala 100,000 hivi, na ina tabia moja kwenye jeli (ile ya kutenganishia molekuli kwa ukubwa) ambayo itakuokoa, tutaifikia.

Pa kutoboa, na kosa langu la miezi miwili

Hapa tukae kidogo.

Kabla hata umbo la OmpA halijapigwa picha kwa eksirei mwaka 1998, watu walishajua vitanzi viko wapi, na walijuaje? Kuna virusi vya bakteria vinavyoishika OmpA kama mlango wa kuingilia. Wakawaachia virusi, bakteria wakafa, waliobaki hai wakasomwa jeni zao, ikaonekana mabadiliko yamerundikana karibu na namba 25, 70, 110 na 154. Virusi vinagusa nje tu, kwa hiyo hizo namba lazima ziko nje. Picha ilipokuja ikakuta ni vilevile, kitanzi cha kwanza mpaka cha nne. Yaani mtu bila kuona kitu amekuchorea ramani, raha sana.

Sisi tunachukua kitanzi cha nne, pale 154. Sasa sikilizeni kosa langu. Nilifungua databezi ya protini, nikaiona OmpA ina asidi amino 346, nikahesabu mpaka 154, nikachora muundo, nikaagiza praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), nikasubiri, nikafanya kila kitu, hamna kitu. Bakteria wanakua kwa kujivuta, peptidi haionekani nje. Miezi miwili. Kumbe zile asidi amino 21 za mwanzo ni tiketi ya safari tu, inayoiambia seli "hii protini ipelekwe nje", ikishavuka inakatwa, na protini iliyokomaa inabaki na 325. Vitabu vinahesabu kuanzia protini iliyokomaa, databezi inahesabu kuanzia tiketi. Kwa hiyo 154 ya databezi ni 133 ya kweli, na 133 ni kikona cha chini, kinachoangalia ndani. Nilipachika ndonya kwenye ufizi.

Tangu siku hiyo sihesabu namba, natafuta herufi. Kila asidi amino ina herufi yake moja, na kwenye kitanzi cha nne mfuatano unasomeka NNIGDAHTIGTRPDNG. Tafuta HTIG halafu TRPD, wewe unaingia katikati, baada ya G na kabla ya T. Kama herufi hizo huzioni ujue una protini nyingine au umeshika uzi wa DNA kinyume.

Pakua umbo lenyewe kwenye databezi ya maumbo ya protini (PDB), namba yake ni 1BXW, lifungue kwenye programu ya bure kama PyMOL ya chanzo huria au ChimeraX, uzungushe uone kwa macho. Laptop ya kawaida inatosha, hata hizi za mkopo wa chuo. Vitanzi vya juu kwenye picha vitaonekana vimelegea legea, hiyo ndo dalili nzuri, kitu kilichokaza usikiguse. Na mwisho wa pipa, pale ilipo F ya 170, usipaguse kabisa, ile F ni kama mpini ambao mashine ya seli inayokunja mapipa, BamA na wenzake, inaushika.

Kuichora peptidi

Tunatumia FLAG, herufi zake DYKDDDDK. Fupi, inapenda maji, kingamwili zake zinauzwa kila mahali. Kila upande tunaiwekea kamba laini ya GGSG ili isibanwe, jumla asidi amino 16, herufi 48 za DNA. 48 inagawanyika kwa 3, seli inasoma DNA herufi tatu tatu, na hili usilichukulie poa, ukikosea herufi moja protini yote inayofuata inakuwa upuuzi.

DNA yake ninayoitumia mimi, nusu ya kwanza: GGCGGCAGCGGCGATTATAAAGAT. Nusu ya pili: GATGATGATAAAGGTGGTTCTGGT. Mnaona glisini (G) nimeiandika GGC upande mmoja na GGT upande mwingine, makusudi, mfuatano ukijirudia sana PCR inateleza. Na ziepukeni kodoni (yaani hizo tatu tatu za asidi amino moja) ambazo E. coli anazitumia kwa nadra kama AGA, AGG, ATA na CTA.

Siku ukiacha FLAG ukaweka peptidi yako mwenyewe, kuna vitu vinne vya kuangalia. Sisteini ziache, kule periplazimu kuna enzaimu inaitwa DsbA inazifunga pamoja, halafu protini inakwama kabla ya kufika nje. Mfululizo mrefu wa asidi amino zinazochukia maji nao uache, unaweza ukanasa kwenye utando. Lisini au arginini mbili zikifuatana (KK, KR, RR) ujue K-12 wengi wana mkasi juu ya ngozi unaoitwa OmpT unaokata hapohapo, peptidi inatoka vizuri halafu inakatwa mlangoni, unabaki unashangaa. Kama huwezi kuiepuka tumia BL21, E. coli mwingine wa maabara, yeye OmpT hana. Na urefu, anza na 8 mpaka 20. Kijiti chembamba kwanza.

Plazimidi na mwenyeji

Plazimidi ni duara dogo la DNA linalobeba jeni yako ndani ya bakteria. Mimi natumia pBAD33. Sababu: haina nakala nyingi, inawashwa kwa arabinozi na kuzimwa kwa glukozi, na kinga yake ni ya kloramfenikoli (dawa ya kuua bakteria, asiye na plazimidi haoti). Ina mtego mmoja ambao umekula watu wengi, haina ile sehemu ya ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) kushikia, lazima uje nayo mwenyewe mbele ya jeni. Weka AGGAGG, acha nafasi ya herufi kama 7, ndo ATG ianze. Ukisahau, jeni itasomwa kuwa RNA na itaishia hapo, protini hupati.

Jeni ya ompA nzima ni herufi 1,041 ukihesabu na kituo (herufi tatu za kumalizia). Ukiipachika kwenye pBAD33 unapata kitu cha kama herufi 6,400.

Mwenyeji chukua E. coli aliyefutwa ompA yake, wapo kwenye mkusanyo wa Keio, maktaba ya E. coli ambao kila mmoja amefutwa jeni moja. Wana faida mbili: hakuna OmpA ya kienyeji ya kukuchanganya kwenye jeli, na hawali arabinozi, kwa hiyo swichi yako haiishi ikiwa njiani. Ila wale wa Keio tayari wana kinga ya kanamaisini pale jeni ilipofutwa, ndo maana plazimidi lazima iwe ya kloramfenikoli, ukiweka plazimidi ya kanamaisini kila koloni itaota na hutajua nani kapokea nani hajapokea.

Kupachika

Njia rahisi ni kuizungusha plazimidi nzima kwa PCR na praima mbili zinazopeana mgongo pale pa kutoboa, kila praima imebeba mkiani nusu ya peptidi. Praima ya mbele: GATGATGATAAAGGTGGTTCTGGT, kisha herufi kama 20 zinazoanzia kwenye kodoni ya T ya TRPD. Praima ya nyuma: ATCTTTATAATCGCCGCTGCCGCC, kisha herufi 20 za uzi wa kinyume zinazoanzia kwenye G ya HTIG kurudi nyuma. Hiyo ya nyuma ni nusu ya kwanza ikiwa imegeuzwa na kukamilishwa, msiniamini, igeuzeni wenyewe mhakikishe. Hizo 20 za kushikia chukua kwenye mfuatano wa plazimidi yako, sio kwenye picha ya mtu.

Tumia enzaimu isiyokosea, Q5 au Phusion, Taq ya kawaida iache kwa herufi 6,400. Plazimidi ya kuanzia weka kidogo, nanogramu 1 mpaka 10. Joto 98 kwa sekunde 30, halafu mizunguko 25 ya 98 sekunde 10, joto la kushikana sekunde 20 (likokotoe kwa zile herufi 20 tu, mkia usiuhesabu), na 72 kwa dakika 3 na kitu. Pitisha kidogo kwenye jeli, ukiona mstari mmoja kwenye 6,400 umepona.

Kisha enzaimu ya DpnI kwa saa 1 kwenye 37, yeye anakula plazimidi ya zamani kwa sababu ilitoka ndani ya bakteria ikiwa na alama za methili, mpya yako ya PCR haina. Halafu enzaimu mbili, kinezi ya kuandaa miisho na ligezi ya kuiunganisha. Kuna mchanganyiko unauzwa wenye vyote vitatu, unafanya kazi dakika chache kwenye joto la chumba, ukiwa na hela nunua, unapunguza mahali pa kukosea.

Ingiza kwenye DH5α, E. coli wa maabara wa kuzalishia plazimidi: barafu dakika 30, 42 kwa sekunde 30 mpaka 45, barafu tena, lishe saa 1 kwenye 37, mwaga kwenye agari yenye kloramfenikoli mikrogramu 25 kwa mililita. Kesho yake chukua koloni 4, toa plazimidi, tuma zikasomwe mfuatano. Usome jeni YOTE ya ompA, sio pale ulipopachika tu, PCR inaweza kuweka kosa mbali na wewe unaangalia hapa.

Hapa niseme la kwetu kidogo. Enzaimu zetu zinatoka Dar, zaidi ya kilomita 550 kwa basi kwenye boksi la barafu. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika pale Somanga, mzigo wangu ulikuwa ng'ambo ya pili, barafu iliyeyuka zamani sana. Ligezi ilikuwa imekufa. DpnI ilifanya kazi, sijui kwa huruma gani. Tangu hapo agizo langu nalipanga nje ya masika, nagawa enzaimu kwenye tyubu ndogo ndogo siku inayofika, na kila kundi jipya nalipima kwanza na plazimidi ninayoijua kabla ya kulilaumu jaribio. Lile joto la chumba la Mtwara nalo usiliamini, mchana wa Novemba meza ya maabara inafika 30 na zaidi, kitabu kikisema "joto la chumba" kinamaanisha kama 22 mpaka 25.

Kuwasha

Hamishia plazimidi iliyothibitishwa kwa mwenyeji asiye na ompA. Otesha usiku na glukozi asilimia 0.2 ili iwe imezimwa. Asubuhi waoshe, anzisha upya bila glukozi, wakifika OD (kipimo cha wingi wao kwa ukungu wa kimiminika) ya 0.4 au 0.5 weka arabinozi asilimia 0.02, endelea kwenye 30 kwa masaa 2 au 3. Mtu anataka kumwaga arabinozi nyingi apate protini nyingi, hapana, mashine ya kukunja mapipa ina foleni, ukiijaza mapipa yanaharibika periplazimuni, seli inapiga kengele ya hatari, sigma E (swichi ya jeni za dharura) inaamka, DegP, mkasi wa protini wa periplazimu, anaanza kukatakata, na ulichotaka kukionyesha ndo kinachoshushwa chini. Jaribu 0.002, 0.02 na 0.2 siku moja, pima OD kila nusu saa, chagua kiwango cha juu kabisa ambacho bakteria bado wanakua kama kawaida.

Usisahau wawili wa kulinganisha: mwenyeji na OmpA isiyopachikwa kitu, na mwenyeji na plazimidi tupu.

Kuthibitisha, ndo penyewe

Swali la kwanza, je pipa limekunjika? Ile tabia ya OmpA niliyoahidi ni hii. Pipa lililokunjika vizuri halifunguki kwenye SDS (sabuni kali ya jeli) mpaka ulichemshe. Kwa hiyo gawa sampuli ya utando wa nje mbili, moja chemsha dakika 5 hadi 10, nyingine usichemshe, zipitishe jeli moja. Isiyochemshwa inakimbia kama ina kilodaltoni 30 hivi, iliyochemshwa inakaa 35. Ukiona mstari unahama, pipa lako zima. Usipohama na uko 35 pande zote, halikukunjika, rudi kwenye mchoro. Ya kwako itakuwa nzito zaidi kama kilodaltoni 1.5 kwa sababu ya mgeni. Mie zile wiki zangu za kosa la 133 ningefanya jeli hii siku ya kwanza ningejua mapema, lakini niliona ni ushamba.

Swali la pili, FLAG iko nje? Kingamwili ni kubwa mno, haipiti utando wa nje ulio mzima, kwa hiyo ikishika seli nzima maana yake ilichoshika kiko nje. Osha seli mara 2 kwa PBS (maji ya chumvi yenye pH tulivu), taratibu, sentrifuji isizidi 4,000 g na usipige pipeti kwa hasira. Weka albumini asilimia 1 kuzuia kunatanata, kisha kingamwili ya FLAG, dakika 30 kwenye barafu, osha mara 3. Ukiwa na hadubini ya mng'ao tumia kingamwili yenye rangi ya mng'ao. Huna? Wengi huku hatuna. Tumia iliyounganishwa na HRP, enzaimu ya kuleta rangi, ongeza TMB (dawa ya rangi inayowekwa pamoja na peroksaidi), tyubu inageuka bluu unaiona kwa macho, ukiweka asidi inakuwa njano, soma kwenye nanomita 450. Usitumie bafa yenye sodiamu azaidi, inaiua HRP. Na E. coli ana katalezi yake inayokula ile peroksaidi, utaona vipovu, ndo maana tyubu ya OmpA isiyo na mgeni lazima iwe pembeni.

Sasa bluu peke yake haitoshi. Labda seli zimepasuka, kingamwili imeingia ndani. Kwa hiyo unahitaji bakteria mwingine ambaye FLAG yake iko periplazimuni kwenye protini ya kawaida. Yule akiwa mweupe na wako bluu, sawa. Wote bluu, umezichana seli, rudia kuosha kwa upole. Na yule wa periplazimu umpasue makusudi kwa EDTA na lisozaimu uone anageuka bluu, ili ujue kingamwili inafanya kazi.

Ushahidi wa tatu ambao mimi naupenda kuliko yote ni tripsini, enzaimu inayokata protini. OmpA ya kawaida kwenye seli nzima inaiangalia tripsini tu, haikatiki. FLAG ina lisini, tripsini inakata baada ya lisini. Weka tripsini mikrogramu 50 kwa mililita kwenye seli zilizooshwa, dakika 20 kwenye 37, izime kwa kizuizi chake, kisha pima FLAG tena. Bluu ikipotea kwako na yule wa periplazimu (ukimpasua baada ya kuzima tripsini) bado anayo, hapo hata msimamizi mkali hana pa kukushikia.

Mkanganyiko unaokuja sana: kwenye jeli na kingamwili FLAG ipo tele, kwenye seli nzima hakuna. Mara nyingi ni moja kati ya mawili, pipa limekwama periplazimuni (jeli ya kuchemsha itakwambia), au pipa zima ila peptidi imejikunja kwenye kitanzi. La pili jaribu kamba ndefu, GGSG mbili kila upande, au hamia kitanzi kingine, kwa mfano karibu na 70 kwenye SVENG.

Baada ya hapo

FLAG ikikubali, peptidi nyingine ni kubadilisha mikia ya praima tu. Mi nilifuata histidini sita, CATCACCATCACCATCAC, kwa sababu zinashika nikeli na unaweza kuwapitisha bakteria kwenye shanga zenye nikeli uone wanabaki. Wangu walibaki kiasi. Sita moja ni kamba dhaifu, ninaongeza ya pili sasa hivi.

Takataka zote, tyubu, agari, maji ya kuoshea, otoklevu 121 kwa dakika 20 kabla hazijatoka mlangoni. Umeme ukikatika katikati unaanza upya kuhesabu, haujumlishi.

Bakteria wahifadhi kwenye gliseroli asilimia 15 mpaka 20 kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kama mnayo. Ila nakala ya kweli ya kazi yako ni plazimidi. Dondoshea mikrolita 5 kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, zungushia penseli, andika jina na tarehe, acha ikauke, weka kwenye bahasha. Inakaa kwenye droo, inasafiri kwa basi bila barafu, na hata ikilala Somanga siku tatu ikifika unailoweka kwenye maji safi, unaingiza kwenye DH5α, koloni zinaota.